Vitamini D kwa mtoto njiti: tone moja si mililita moja

Mama akiruhusiwa kutoka wodi ya njiti na kurudi Mbagala au Temeke, huenda akabeba chupa tatu: vitamini D, madini ya chuma na multivitamini. Tunachohofia zaidi ni kipimo cha nyumbani.

Akiba ya vitamini D mtoto huipata kwa mama, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na njiti huzaliwa kabla haijatimia. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana vitamini hii kidogo mno. Ikipungua, mifupa hulainika. Chembe nyeupe za damu nazo huitumia kutengeneza protini za kuua bakteria. Hata hivyo, muuzaji akikuambia matone haya yanazuia nimonia, usimsadiki. Mikono safi, kangaruu (kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi) na maziwa ya mama vitangulie.

Kwa waliozaliwa chini ya kilo 1.5, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza IU (kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini) 400 hadi 1,000 kwa siku, mpaka miezi 6. Kiwango cha mwanao atakipanga daktari.

Sasa shika chupa, soma lebo. Kuna dawa yenye IU 400 katika tone moja, na nyingine yenye IU 400 katika mililita nzima. Ukivuta mililita moja ya ile ya tone, umempa matone zaidi ya 20, yaani zaidi ya IU 8,000 kwa mkupuo! Mfamasia akuonyeshe kipimo kwa bomba au kitonezi chenyewe kabla hujaondoka, kisha bandika plasta kwenye chupa yenye kipimo hicho, kwa mfano: "tone 1, asubuhi". Muulize pia multivitamini ina IU ngapi za vitamini D. Hesabu hiyo husahaulika sana.

Dondoshea kwenye kijiko chenye maziwa kidogo uliyokamua. Usiweke kwenye kikombe kizima: dawa ni ya mafuta, hung'ang'ania kwenye kuta za kikombe, na mtoto akibakiza maziwa kabakiza na dawa. Ukisahau siku moja, kesho usimpe mara mbili.

Jua la Dar ni tele, lakini usimwanike njiti: akivuliwa nguo hupoteza joto, na ngozi yake nyembamba huungua upesi.

Akitapika, akikosa choo, akilegea, akikataa kunyonya au akikojoa kupita kawaida, acha matone, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Beba chupa zote, hata iliyokwisha.