Shemeji hafanyi kazi, mwanangu hamwamkii

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Mwanga, Kigoma. Kaka yake mume wangu ana miaka 38, mzima wa afya. Aliacha kazi ya dukani Ujiji, akasema kazi basi, maisha yenyewe mafupi. Anakaa kwa mama mkwe, ambaye alfajiri yuko mwaloni Kibirizi kununua dagaa wabichi na kuwaanika. Juzi mwanangu wa miaka 15 alimpita kimya. Nilipomuuliza, akasema hamwamkii mtu asiyefanya kazi. Nikakosa la kumjibu. Kweli mtu huyu anastahili heshima?
Mama wa wawili, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana amekosea, na akamwamkie leo hii. Shikamoo hufuata umri. Tukianza kuidai kwa kitambulisho cha kazi, wastaafu wote wa mtaani kwenu watapitwa kimya, mimi wa kwanza.

Najua Katiba yetu ya 1977, ibara ya 25, inaiita kazi "kipimo cha utu". Lakini ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na haikuongeza "akiwa na ajira". Mimi niko na hiyo ya 12. Niliiona Nguvu Kazi, ile kampeni ya serikali ya mwaka 1983: watu walizolewa mijini wakiitwa wazururaji, wapelekwe mashambani, na wachuuzi wadogo wakakimbia na sinia zao kichwani huku jasho linawatoka. Hata wavuvi wetu, mgeni akiwakuta mchana wamelala kibarazani atawaita wavivu, hajui usiku walikuwa wapi.

Shemeji yako ni habari nyingine. Angekuwa anakula akiba yake, au ana michikichi ya urithi, ningekwambia mwache apunge upepo wa ziwa, hakudai kitu. Kinachoniudhi ni kwamba kazi aliyoikataa imehamia mgongoni kwa mama yake. Dagaa huanikwa, hugeuzwa jua likiwa utosini, hulindwa kunguru, na wingu likitanda hukusanywa mbiombio. Jioni akishakula ugali wa muhogo, sahani anaiondoa nani? Kama ni mama, basi ugomvi wenu uko hapo.

Usimkabili wewe, wewe ni mkwe, maneno yatageuka. Mumeo ndiye akae na kaka yake, faragha, kwa adabu. Asimwambie atafute kazi, maana ameshasema hataki. Amuulize chakula chake kitatoka wapi mama akiacha kwenda mwaloni.

Na mjiandae, mama mwenyewe anaweza kumtetea. Wanawake wa huku tuna udhaifu huo kwa wana wetu wakubwa. Msibishane naye. Mpunguzieni mzigo tu: mmoja wenu awe anambebea karai la dagaa, na huyo kijana wako mwenye msimamo mkali juu ya kazi aanze Jumamosi.