Maswali na Majibu: Lita ya Mafuta Si Kilo

Swali: Je, lita moja ya mafuta ya alizeti ni sawa na kilo moja?

Jibu: Hapana, ni gramu 920 hivi. Kilo moja kwa lita moja ni hesabu ya maji, na swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi.

Swali: Nilinunua dumu la lita 20 la alizeti kando ya barabara huko Singida. Nilipofika nyumbani nikaliweka kwenye mizani, ikaonyesha kilo 18.4. Nikizidisha 20 kwa 0.92 napata 18.4 hiyo hiyo. Bila shaka sikupunjwa?

Jibu: Ulipunjwa, kwa sababu umepima mafuta pamoja na dumu. Dumu tupu la plastiki la ukubwa huo huwa na uzito unaokaribia kilo moja. Ukiiondoa hiyo, mafuta yanabaki kilo 17.4, nazo ukizigawa kwa 0.92 unapata lita 18.9. Lita moja na ushee imebaki kwa muuzaji, nawe umeilipia. Pima dumu likiwa tupu kabla halijajazwa, uandike uzito wake ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, kisha ulipime tena likishajaa. Jambo ambalo hukuuliza ni kwamba dumu lenyewe ni chombo cha kubebea tu: likijazwa hadi shingoni hupokea zaidi ya lita 20, na likibonyea ubavuni hupokea pungufu, hivyo jina la “dumu la lita 20” halithibitishi chochote. Tumepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, inayomnyonya mkulima, lakini mnunuzi wa mafuta anayepunjwa kimya kimya hana anayemsemea. Mfanyabiashara anayeuza kwa kipimo au mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo hastahili fedha yako, hata akiwa jirani.

Swali: Muuzaji wangu anadai kwamba mafuta hunywea usiku kwa baridi, na ndiyo maana asubuhi dumu huonekana limepungua. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli kidogo, na ukweli huo mdogo ndio unaotumika kufunika wizi mkubwa. Mafuta hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, takriban sehemu 7 kwa kila 10,000 kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Dumu la lita 20 likipoa kutoka nyuzi 35 hadi 20 litapungua mililita 200 hivi, yaani chini ya glasi moja ya maji. Akikwambia kwamba baridi imekula lita nzima, mwache na mafuta yake. Uzito, kwa upande wake, haubadiliki jua likiwaka wala mvua ikinyesha, na ndiyo sababu nashikilia kwamba mafuta ya jumla yauzwe kwa kilo.

Swali: Kikombe kimoja cha mafuta kwenye keki ni gramu ngapi?

Jibu: Kikombe cha kupimia cha mililita 250 ni gramu 230, kijiko kikubwa cha mililita 15 ni gramu 14. Kikombe chako cha chai hakimo katika hesabu hii.

Swali: Na mafuta ya mgando?

Jibu: Yanauzwa kwa kilo tangu zamani. Yapime kwa mizani, usiyayeyushe kwa ajili ya kutafuta lita.

Swali: Nikijua uzito wa lita moja, ninaweza kugundua alizeti iliyochanganywa na mawese?

Jibu: Huwezi. Mafuta mengi ya kupikia yanakaribiana mno kwa uzito, na mizani ya dukani haitaona tofauti hiyo. Maji ndiyo yanayojifichua, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta na hutuama chini: acha mafuta yatulie usiku kucha katika chupa inayopitisha mwanga, kisha chunguza kitako chake kabla hujamimina chochote kwenye karai la moto, maana matone machache tu ya maji yanatosha kurusha mafuta hadi usoni.