Mzee aliyeshukuru akitoka msalani

Nilifika Marekani na hesabu moja tu ya baraka, nayo ilikuwa ya dola. Kanisa nililotoka lilinifundisha kupanda mbegu, yaani kutoa pesa ukingoja Mungu akurudishie zaidi, basi nami nikapanda: dola 500, kwa kadi ya mkopo, nikingoja mavuno. Kilichoota ni riba. Nikajilaumu kwamba imani yangu ni haba, nikapanda tena.

Kazi niliyopata ni ya kutunza wazee, kama Wakenya wengi wa Baltimore. Nikapelekwa upande wa Pikesville kwa Mzee mmoja Myahudi wa Kiorthodoksi, yaani anayeshika sana sheria za dini yake, aliyefiwa na mkewe. Zulia limechakaa, vitabu vimejaa hadi darini. Kila nilipomtoa msalani alinawa mikono, kisha akanong'ona maneno fulani. Nilidhani ananilalamikia. Miezi ilipita ndipo nikathubutu kumuuliza.

Akanieleza kwamba anamshukuru Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa hekima, akamwekea matundu na mirija mwilini. Mmoja ukiziba, au mwingine ukipasuka, mtu hawezi kusimama mbele zake. Mimi ndiye niliyembadilisha nepi usiku alipougua. Nilijua uzito wa maneno yale kuliko mhubiri yeyote.

Wayahudi wana desturi ya kutamka baraka mia moja kila siku. Mkate una yake, tunda la mti lina yake, ngurumo ina yake, hata habari ya msiba ina yake. Kwa Kiebrania huitwa berakha, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo, maana ni shina moja na baraka yetu. Ila mimi nilizoea kusema "nimepata baraka" kama mtu aliyepokea mzigo kutoka posta. Mzee yeye alikuwa anazitamka. Ukitaka kujaribu jambo moja katika haya, jaribu hilo: kabla hujaomba chochote, taja vitu kumi ulivyonavyo tayari, na uanze na mwili wako. Siku za kwanza utajiona mjinga.

Nisikudanganye kwamba Uyahudi unadharau mali. Siku moja nilimwambia kwa kujiamini kuwa ile baraka ya kitabu cha Hesabu, "Bwana akubarikie, na kukulinda," haitaji pesa popote. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia nimsome Rashi, mfafanuzi wa Torati aliyefariki Ufaransa mwaka 1105. Rashi anasema "akubarikie" maana yake mali zako zibarikiwe, na "kukulinda" maana yake wanyang'anyi wasizichukue! Nilinyamaza. Kisha akaongeza kuwa wengine waliokuja baadaye walisoma neno hilo la ulinzi kwa namna nyingine pia: mtu alindwe dhidi ya hiyo mali yenyewe, isije ikampoteza. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Wayahudi, wahenga wao wanasema pasipo unga hakuna Torati, na pasipo Torati hakuna unga. Humo humo mhenga mmoja, Ben Zoma, anauliza tajiri ni nani, na jibu ni yule anayefurahia fungu lake. Mzee aliziona kauli hizo mbili hazigombani. Mimi bado nafikiria.

Ijumaa ndiyo iliyonigeuza. Kabla jua halijatua alitia sarafu katika kikopo cha tzedakah, ambayo ni ndugu wa sadaka yetu, ila kwa Kiebrania imefungamana na neno haki. Kwa hiyo kutoa si wema wako, ni deni. Hata maskini anayelishwa na tzedakah anapaswa kutoa kidogo. Baada ya hapo huanza Sabato, na pesa haziguswi mpaka Jumamosi usiku. Hakuna kununua, hakuna kulipa, hata kuongelea biashara hakufai. Mezani kuna mikate miwili ya hala, mkate wa Sabato, ukumbusho wa mana ya jangwani iliyoshuka maradufu siku ya sita. Siku nyingine, aliyeilimbikiza hadi asubuhi aliikuta imeingia mabuu. Nikakumbuka mbegu zangu.

Sikugeuka Myahudi, na hakuna aliyenitaka nigeuke. Bado nasali Jumapili. Lakini siku hiyo simu yangu haifungui benki wala kutuma pesa mpaka jioni. Ndugu zangu walikasirika mwanzoni, wakasema nimekuwa mchoyo. Walipouelewa utaratibu wangu, wakazoea kuniambia shida zao Jumamosi. Deni la kadi nililimaliza baada ya kuacha kupanda, na hilo silihesabu kuwa muujiza, ni hesabu ya kawaida.

Kitu nilichokionea wivu zaidi ni simu ya Ijumaa. Kabla ya mishumaa kuwashwa Mzee alimpigia kila mtoto wake, wenye mvi wote, akawasomea baraka ile ile ya Hesabu, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa simpigii Mama isipokuwa kumweleza kiasi nilichotuma.

Basi Ijumaa moja, nikiwa kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya Mzee, nilimpigia Mama, nikamwambia sina habari ya pesa leo, naomba anibariki tu. Kule ilikuwa usiku wa manane. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani umefutwa kazi?"