Kubana matumizi sawa, lakini wapi?

Ndugu yangu, unasema serikali ya Uganda ikibana matumizi, ajira zitakuja zenyewe. Nakubali nusu. Serikali inapokopa ndani kwa hati fungani zenye riba ya tarakimu mbili, benki haina haraka ya kumkopesha fundi wa kuchomelea pale Katwe, Kampala. Oktoba 2024 Benki Kuu ilishusha riba yake elekezi kwa mabenki hadi 9.75%, ila fundi huyo akiomba mkopo anatajiwa karibu mara mbili ya hapo, na juu yake anadaiwa hati ya kiwanja kama dhamana. Hapo serikali ikipunguza kukopa inasaidia kweli.

Shida ni panapokatwa. Mwaka huohuo mamlaka ya kahawa, UCDA, ilirudishwa wizarani kwa hoja ya kuokoa fedha, huku Bunge likibaki na wabunge zaidi ya 500. Na wazabuni wanaoiuzia serikali je? Mtu ameshaleta madawati, ankara inalala ofisini miezi na miezi, vijana wake anawarudisha nyumbani. Deni hilo linaua ajira moja kwa moja! Wakate misafara ya magari na posho za safari, na wazabuni walipwe kwanza.