Watoto wachoraje mche walio nao, si ua la kitabuni?

Swali: Ninafundisha darasa la kwanza wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Tulipanda maharage, lakini nilipowaambia watoto wachore walichokiona, karibu wote walichora ua lenye petali tano na jua pembeni. Niwafundisheje kuchunguza?

Jibu: Mwalimu, mtoto wa miaka sita akiambiwa “angalia” bila kuambiwa anatafuta nini, huchora anachokijua tayari. Mpe vitu viwili alinganishe. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, na asubuhi kila mtoto ashike punje moja ya kila aina, kisha uliza tu zinafanana wapi na zinatofautiana wapi, halafu unyamaze. Atakayeligeuza harage ataona kovu ubavuni, mahali liliposhikana na ganda lililolibeba. Akilibonyeza taratibu, huenda tone la maji likachomoza kwenye kitundu kilicho karibu na kovu hilo. Niliwahi kuwaeleza watoto habari ya kitundu hicho kabla hawajakiona, na uchunguzi ukaishia hapo, maana hakuna aliyeona haja ya kukitafuta.

Baada ya hapo zioteshe mahali panapoonekana. Kata chupa ya maji ya plastiki, itandikie kitambaa chenye unyevu kwa ndani, na uzipachike mbegu kati ya kitambaa na ukuta wa chupa. Siku chache baadaye mzizi utatangulia katika mbegu zote mbili, kisha njia zitaachana: harage hupinda shingo na kuviinua juu vipande vyake viwili, ilhali punje ya hindi hubaki ilipo na kupeleka juu chipukizi lililochongoka. Mzizi ukiwa bado mfupi, ilaze chupa ubavu na uwaulize watoto, kabla hawajaenda nyumbani, mzizi utaelekea wapi. Kesho yake waikute ncha imeanza kupinda kuelekea chini.

Katika kuchora, gawa ukurasa pande mbili: “nimeona” na “nadhani”. Mtoto anayesema harage lina kiu hajakosea kuwaza, ila maneno hayo yakae upande wa “nadhani”, na upande wa pili aonyeshe kwamba ganda limekunjamana. Kwa kuwa wengi wao hawajaimudu rula, kila asubuhi wakate uzi wenye urefu sawa na mche na kuubandika kando ya uzi wa jana. Siku ambayo mche umerefuka zaidi wataiona wenyewe.

Tumia maharage ya kula kutoka sokoni. Mbegu zilizopakwa dawa, ambazo aghalabu hutiwa rangi, watoto wasiziguse kabisa, na hata harage bichi la kawaida lisitafunwe. Hapo Kasulu bila shaka kuna mtoto atakayekuletea kokwa za chikichi. Usizikatae, ingawa huchukua miezi kuota. Zifukieni kwenye kopo lenye tarehe, na watoto waendelee kulichungulia muda wote huo.