Barua kwa mwanangu: Kabalega, Kakungulu na jina la bweni

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Mbale. Barua yako nimeipata. Umeniambia kwamba shule yenu ya Jinja imemaliza kujenga bweni la wasichana, kwamba ninyi walimu wa historia mmetakiwa kupendekeza jina, na kwamba baada ya mabishano marefu yamesalia mawili: Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, na Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyeujenga mji wetu wa Mbale. Unauliza ni yupi aliye mkubwa kuliko mwenzake. Kwa ukubwa sina la kukuambia, maana hakuna anayebisha kwamba wote wawili walikuwa wakubwa. Nitakujibu jinsi kila mmoja wao alivyoishi baada ya kushindwa, kwa sababu msimamo wangu unaujua tangu tulipokuwa tukiishi laini ya polisi na marehemu baba yako: mtu apimwe siku za kushindwa kwake.

Msimamo huo una asili yake. Mwaka 1970, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, tulifanya mdahalo kuhusu watu hawa hawa, nami nikapewa kumtetea Kabalega. Nilieleza jinsi alivyotwaa kiti cha Bunyoro baada ya kupigana na nduguye Kabigumire, jinsi alivyounda jeshi la kudumu la abarusura, jinsi alivyomtimua Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Misri, kutoka Masindi mwaka 1872, Baker alipotangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri, na jinsi alivyopambana na Waingereza kwa miaka ipatayo mitano hadi walipomkamata katika nchi ya Lango, kaskazini, tarehe 9 Aprili 1899, pamoja na Mwanga, Kabaka wa Buganda, akiwa na jeraha la risasi lililosababisha mkono wake ukatwe. Nilipoketi ukumbi mzima ulikuwa kimya. Kisha mwalimu aliyekuwa mwamuzi akasimama, akapangusa miwani yake, akasema kwamba mtu aliyeishia kifungoni hawezi kuwa mfano wa kuigwa na vijana. Ushindi akampa mvulana aliyemtetea Kakungulu, kwa kuwa Kakungulu ametuachia mji, barabara na miti. Kushindwa mdahalo nilikusahau mapema, lakini yale maneno, "aliyeishia kifungoni", yananichoma hadi leo ninapokuandikia.

Jioni ile ile, hata hivyo, nilipata faraja ambayo nayo sijaisahau. Mpishi wetu alikuwa mzee wa Kumi, mtu asiyependa maneno mengi. Mshindi wetu alipofika mbele ya sufuria na sahani yake, mzee aliuinua mwiko, posho ikiwa bado inatoa mvuke, asiishushe. Akamwuliza, "Kijana, zile barabara ulizozisifu, aliyezichimba nani?" Mvulana akakosa jibu. Mzee akasema, "Baba yangu," kisha akamwekea posho, tena fungu kubwa kuliko la mtu yeyote siku ile, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Kwa wajomba zako wa Budaka jibu la mzee yule halikuwa habari. Kakungulu, mzaliwa wa Kooki aliyepandia ngazi za utumishi wa Buganda, alijenga ngome hapo kwetu Budaka kabla hajahamia Mbale, na wazee wetu waliijua kodi na kazi ya lazima kupitia kwa mawakala wake. Waingereza walimwacha aiteke nchi kwa watu wake na kwa bunduki zake, naye akatumaini kwamba mwishowe watamtambua kuwa mfalme wa Bukedi, yaani nchi hizi za mashariki. Mwaka 1902 wakamvua mamlaka. Hapo ndipo msimamo wangu unaponilazimisha kumtendea haki, kwa sababu hiyo ndiyo siku yake ya kushindwa. Hakukimbia. Alibaki akiujenga mji wa Mbale, hata serikali yenyewe ikahamishia makao yake huko. Baadaye wakampeleka Busoga kuongoza baraza la machifu, kisha naye akarudi Mbale kujisomea Biblia kwa bidii, akajiunga na Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Wapo wanaosema kwamba yote hayo yalikuwa hasira tu dhidi ya Waingereza waliomtumia kisha wakamtupa. Huenda hasira ilikuwamo, lakini sioni jinsi hasira ya mtu mmoja aliyekufa mwaka 1928 ingeweza kuwafanya watu washike Sabato hadi leo kule kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, hata baada ya Amin kuwapiga marufuku. Kwa hilo ninamheshimu, na kumheshimu huko kunanisumbua kila ninapomkumbuka mzee wa Kumi.

Siku za kushindwa za Kabalega zilikuwa ndefu zaidi. Alikaa uhamishoni tangu mwaka wake wa kukamatwa hadi 1923, miaka mingi zaidi Shelisheli. Mwanga alifia huko huko mwaka 1903, akamwacha. Kabalega, mtu aliyewahi kuamrisha maelfu, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, akabatizwa, akangoja. Waliporuhusu arudi alikuwa mzee, na wakati huo wilaya za Buyaga na Bugangaizi zilikuwa zimekatwa kutoka Bunyoro zikapewa Buganda, wala hazikurudi mpaka kura ya 1964. Akafika Jinja, akafia Mpumudde tarehe 6 Aprili 1923, kabla ya kuikanyaga tena ardhi ya Bunyoro, akaenda kuzikwa Mparo, karibu na Hoima. Wewe unafundisha karibu na kilima hicho cha Mpumudde. Ningependa mwalimu wangu yule angesimama hapo kileleni, akatazama upande wa Hoima, kisha akalirudia neno lake.

Lakini ninajipinga mwenyewe, mwanangu, kwa sababu si haki nikusomeshe upande mmoja. Shangazi zako wa Hoima hawapendi litajwe, ila Watoro, majirani wa Bunyoro, nao wana kumbukumbu zao. Abarusura walipora na kuteka watu Toro, na Kasagama, mfalme wao, alirudishwa kitini mwaka 1891 kwa nguvu za Lugard, kapteni wa Kiingereza, kwa sababu Kabalega alikuwa ameikalia nchi ile. Ajuza wa Toro humwona Kabalega kama watu wa Budaka wanavyomwona Kakungulu. Siwezi kumlilia mchimba barabara wa Kumi, kisha nikawafumbia macho mateka wa Toro. Wakati mwingine huwaza kwamba heri bweni lipewe jina la mti au la mto, halafu naona kwamba huko ni kukwepa, kwa kuwa wasichana wanahitaji kumjua mtu aliyepatwa na mabaya akaendelea kuishi kwa heshima, na watu wa namna hiyo hawapatikani bila doa.

Kwa hiyo katika kikao chenu usianze na ushindi wa mtu. Wasomee wenzako miaka ya Shelisheli na miaka ya Mbale, halafu uwaulize swali la mpishi: waliochimba, waliotekwa na waliolipa kodi watatajwa wapi katika bweni hilo? Atakayepinga swali hilo lisiulizwe, jina analolitetea ulitilie shaka.

Najua bado unataka nitaje mmoja. Ninalo jina, nalo unalijua, kwa kuwa umenisikia nikilitetea tangu ukiwa mdogo, na mkono unanisukuma niliandike. Sitaliandika. Wajomba zako wa Budaka ni damu yako kama walivyo shangazi zako wa Hoima, na wasichana watakaolala humo ni wanafunzi wako. Niandikie mara kikao kitakapokwisha, unieleze nani alisema nini.

Ni mimi mama yako.