Weka faili, siyo video: ushauri kwa walimu wa afya wanaotaka kugawa masomo yao bure

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja, afisa afya katika halmashauri fulani ya kusini. Alianza na shikamoo mwalimu, akauliza habari za nyumbani, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Ana masomo yake ya maji salama na usafi wa mazingira, ameyaandaa kwa miaka, wenzake wanamsukuma ayaweke mtandaoni, yeye anasita. "Si watayaiba, mwalimu? Na nikiyaweka, mimi napata nini?"

Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likakata. Najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa nawe una folda yako, imejaa slaidi ulizozitolea jasho, na unatamani siku moja zifundishie watu usiowajua. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu ambao simu haikuniruhusu.

Swali la wizi kwanza. Ndiyo, watayaiba. Yangu yameibwa, na nitasimulia, ila lazima nianzie Kigoma.

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walimiminika Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa ambacho gari halifiki. MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha safari ya kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikaingia katikati ya msongamano ule, na ndani ya mwezi huo huo wagonjwa wakafika takriban 3,000. Wakati huo nilikuwa nafundisha chuo cha afya. Nikaambiwa niende nikawape mafunzo watu wa kujitolea, wengi wao wakimbizi wenyewe, waanze kazi kesho yake asubuhi.

Somo la kipindupindu nililokuwa nalo lilikuwa la darasani. Lina umbo la kimelea, lina historia, lina maswali ya mtihani. Usiku ule nikaanza kuchimba mtandaoni nikitafuta mtu yeyote aliyewahi kufundisha watu wa kawaida katikati ya mlipuko, na hapo ndipo nilipokutana na Supercourse.

Wengi mnaijua MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambacho mwaka 2001 kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa dunia nzima. Supercourse haitajwi sana na ni ya zamani zaidi: ilianzishwa miaka ya 1990 na Ronald LaPorte, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Alichokifanya ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Aliwaomba walimu wa afya ya jamii popote walipo watoe mhadhara wao mmoja ulio bora, yaani slaidi zenyewe pamoja na maelezo chini ya kila slaidi, kisha mwalimu mwingine yeyote auchukue, akate, aongeze, akafundishe kwake. Hakumlenga mwanafunzi, alimlenga mwalimu. Alijua mwalimu mmoja akipata slaidi nzuri, darasa zima limepata, na darasa la mwaka ujao pia. Wakakusanya maelfu ya mihadhara. Kule ambako intaneti ilikuwa ya kusuasua walisambaza hata kwa CD. Tetemeko lilipoubomoa mji wa Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003, katika siku chache wakawa wametengeneza mhadhara juu ya janga lile na kuutuma kwa walimu duniani, wafundishe wakati wanafunzi bado wanauliza.

Basi nikachukua. Nikakata. Karibu kila mhadhara wa kipindupindu duniani unaanza na John Snow, daktari aliyeonyesha kwamba mlipuko wa London mwaka 1854 ulitokana na maji ya ile pampu ya Broad Street, na mimi nampenda John Snow kama mwenzangu yeyote wa fani hii, lakini mtu anayekwenda kumwaga ndoo za wagonjwa saa kumi na mbili asubuhi hana haja na pampu ya London. Mahali pa Snow nikaweka kitanda: turubai limetobolewa katikati, ndoo chini ya tundu, ndoo nyingine kichwani ya matapishi. Nikaweka klorini, asilimia 0.05 ya kunawia mikono na asilimia 2 ya kinyesi na matapishi, kila moja kwa ndoo ya rangi yake, kwa maana ukichota moja ukidhani ni nyingine utamuunguza mtu ngozi. Nikaweka maji ya chumvi na sukari kwa nyumba ambayo pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, zimeisha: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nusu. Niliiandika kwa herufi kubwa, maana chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto uliyetaka kumwokoa.

Picha ya maji salama niliipiga mwenyewe nyumbani kwangu usiku ule, kwa simu. Dumu la njano la lita 20 limekaa kwenye sakafu ya saruji, mfuniko umefungwa, kikombe chenye mpini kimening'inia pembeni. Chini kulia inaonekana kandambili yangu ya bluu, kamba imekatika na kushikiliwa na msumari. Ikumbuke hiyo kandambili.

Kesho yake nilifundisha kwa Kiswahili, dada mmoja akitafsiri kwa Kirundi. Jioni akaniomba faili. Nikampa kwenye flashi, naye akaandika Kirundi chini ya Kiswahili changu. Kufikia mwisho wa wiki nilikuta slaidi zangu zinafundishwa na watu ambao sijawahi kuwaona, wameongeza picha zao, na walikuwa wanafundisha vizuri kuliko mimi. Sioni haya kujisifu hapa. Katika kazi yangu yote hakuna kilichonipa raha kama ile.

Miaka miwili mitatu inayofuata naiacha, ilikuwa ya kusahihisha mitihani. Nikaja kuliweka somo lile wazi kwa kila mtu, nikaongeza mengine, yakaanza kutembea yenyewe. Muuguzi wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambako kipindupindu ni mgeni asiyeaga, aliniandikia kwamba amebadilisha bei zote kuwa faranga za Kongo, ametoa meli yetu ameweka ufukwe wao, na anafundishia kanisani baada ya misa. Hakuniomba ruhusa. Hakuhitaji.

Sasa tuje kwenye wizi. Niliitwa semina moja Dodoma, zile za hoteli nzuri na posho nzuri. Mtoa mada wa asubuhi ni mkubwa, ana cheo kirefu, amevaa suti ya kijivu. Projekta inawaka, mada ni kipindupindu. Slaidi ya tatu nikahisi naijua. Ya tano nikawa na uhakika. Ya nane likatokea dumu la njano, na chini kulia kandambili ya bluu yenye msumari. Jina langu limefutwa kila mahali, pameandikwa la kwake, na nembo ya ofisi yake ipo juu kushoto.

Nilikaa kimya. Wakati wa chai ya saa nne nikamsogelea nikiwa na sambusa mkononi, nikamwambia, "Mheshimiwa, ile picha ya dumu ni nzuri sana." Akatabasamu, akasema, "Ahsante, ile tulipiga wenyewe tukiwa kazini."

Nilishindwa hata kuimeza sambusa. Na nisiwadanganye ndugu zangu, mpaka leo nikiona suti ya kijivu tumbo linasokota. Mke wangu ameshachoka kuisikia habari hii, kila akija mgeni nyumbani lazima nimsimulie. Kuna kipindi niliondoa kila kitu mtandaoni. Waliokosa walikuwa wanafunzi wa vyuo vya pembezoni, ambao hawakunikosea lolote. Yule bwana alikuwa ameshapakua.

Kwa hiyo kijana wangu wa kusini, sikiliza. Kujifungia hakumzuii mwizi, kunamzuia yule muuguzi wa Uvira. Somo likikaa kwenye kompyuta yako litakufa na kompyuta yako. Nimehudhuria misiba ya walimu wakubwa wa nchi hii, watu waliofundisha vizazi vya matabibu na wauguzi, na baada ya matanga watoto wakauza kompyuta ikiwa na kila kitu ndani. Mmesomeshwa na kodi, mnalipwa na kodi, kisha mhadhara wa surua mnaufungia nywila! Kwa faida ya nani? Mnasubiri mwaliko wa semina?

Nimepanda mimbari, nashuka. Haya ndiyo ninayoyafanya.

La kwanza na kubwa: toa faili ambalo mtu anaweza kulihariri. Siyo video, siyo PDF. Video ni wali uliokwisha kupikwa, mwenzako anahitaji mchele. Ukimpa PDF yenye bei za Kariakoo, wa Bujumbura atafanya nini nayo? Toa PowerPoint kamili, na chini ya kila slaidi andika utakachosema, kama unavyomwandikia mwalimu mgeni atakayeshika kipindi chako ukiwa mgonjwa. Wengi wanaweka slaidi yenye maneno matatu na mshale, wanadhani wamegawa somo.

Leseni. Zile za Creative Commons zipo tangu 2002, ni bure, na herufi zake si ngumu. BY maana yake wataje jina lako. NC, wasifanyie biashara. SA, akibadilisha naye agawe kwa masharti yale yale. MIT wanatumia hizo tatu kwa pamoja, nami hivyo hivyo. Yenye ND ikwepe, hiyo inamkataza mtu kugawa alichokibadilisha, na kubadilisha ndiyo maana ya kazi yenyewe. Leseni haitamzuia mwenye suti. Itakupa tu maandishi ya kumwonyesha, kama utakuwa na moyo kuliko mimi.

Uzito wa faili. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kula MB 4 au 5, ukizipanga thelathini umemtengenezea muuguzi wa zahanati mzigo wa kumaliza bando lake la wiki. PowerPoint yenyewe ina sehemu ya kubana picha. Chagua ule ubora wa barua pepe, pikseli 96 kwa inchi, kwenye projekta ya chuo hakuna atakayeona tofauti. Mimi nalazimisha kila somo liingie WhatsApp bila kulalamika. Na sura za wagonjwa usiweke, hata kama walikubali. Piga dumu, piga ndoo, piga mikono.

Andika tarehe kwenye kila slaidi yenye namba au mwongozo. Hili nitalirudia mpaka mchoke. Serikali ilipotangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi, mkoani Kagera, tarehe 21 Machi 2023, simu yangu haikupumzika: walimu wanataka slaidi leo hii. Nilifanya kama Supercourse walivyofanya kwa tetemeko la Bam. Nikaweka machache yanayojulikana, kwamba dalili huanza kati ya siku 2 na 21, kwamba popo wanaokula matunda ndio wanaohifadhi virusi, kwamba chanjo iliyoidhinishwa haipo, kwamba mazishi ni hatari kama wodi. Idadi ya wagonjwa sikuigusa, hiyo ni kazi ya Wizara. Kila slaidi ikawa na tarehe yake. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, na mwaka 2025 ugonjwa uliporudi Kagera, walimu walifungua faili lile lile, wakaziona tarehe, wakajua kipi bado kinafaa na kipi cha kuuliza upya. Tarehe, jamani. Wekeni tarehe.

Napata nini? Fedha hapana. Nimepata barua, nimepata samaki wakavu kutoka Kasulu, nimepata marafiki wa Kongo wanaonisahihisha bila kuniogopa. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani alipandishwa cheo, na kwenye maombi yake aliorodhesha masomo aliyogawa na vyuo vinavyoyatumia. Hiyo iandike kwenye wasifu wako, kijana wangu, wapo wanaoisoma.

Faili la kipindupindu nimelipandisha tena, na Kirundi cha yule dada bado kimo. Linalofuata ni la kichaa cha mbwa, nataka liwe tayari kabla ya tarehe 28 Septemba, siku yake duniani. Slaidi ya kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, bado haina picha. Mwenye bomba, sabuni na mguu anitumie, na aniambie jina lake liandikweje.